Usioshe Hicho Chungu

Vyungu vingi vinavyoletwa kwenye makumbusho huku kwetu hufika vikiwa vimeng'aa. Siku moja kabla ya kukitoa, familia imekaa uani ikakisugua kwa mchanga na sabuni, ikakisuuza mara tatu, ikakianika, kisha ikakifunga kwa leso iliyotoka sandukuni. Ni heshima kubwa, na mpokeaji ana wajibu wa kuipokea kwa shukrani. Lakini maji yale machafu yaliyomwagwa kwenye migomba yameondoka na habari ambazo hakuna mzee wala daftari litakalozirudisha: kiliwekwa motoni au hakikuwekwa, kilipika au kilichachisha, kilikaa juu ya mafiga au juu ya ngata.

Kwa hiyo mtu akipiga simu kusema ana kitu cha marehemu bibi yake angependa kitunzwe, jambo la kwanza la kumwambia, kabla hata ya asante, ni akilete jinsi kilivyo. Vumbi la darini, utando wa buibui, masizi, mafuta yaliyokauka, kamba iliyofungwa shingoni, kitambaa kilichozibwa mdomoni, vyote vije pamoja nacho.

Yanayofuata ni mambo ya mikono. Yametokana na kushika, kupima na kuandika vifaa vya nyumba za kando ya Ziwa Victoria, za vilima vya Kakamega na Kisii, na za Bonde la Ufa upande wa Nakuru, na pia kuona vikiharibika mbele ya macho yetu kwa makosa yaliyoweza kuepukika. Yanamfaa anayefanya kazi kwenye jumba kubwa kama lile la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980 kwenye barabara ya kwenda Kericho. Yanamfaa zaidi mwalimu aliyepewa chumba kimoja shuleni, au ukoo ulioamua kutenga simba moja, yaani nyumba ya kijana wa kiume katika boma, iwe ya kumbukumbu.

Anza na chungu cha kupikia. Kiweke juu ya taulo iliyokunjwa, ukishike kwa mikono miwili, mmoja chini na mwingine ubavuni. Usikishike mdomo wala shingo, maana huko ndiko ufa usioonekana huanzia, na chungu huachia mdomo mkononi mwa mtu huku mwili ukienda chini. Mikono iwe safi na mikavu. Glavu za pamba huteleza kwenye udongo uliochomwa. Sasa kilaze polepole, utazame kitako.

Ubavu umejaa masizi meusi, lakini kitakoni, kuzunguka katikati, kuna mabaka matatu ya rangi ya udongo mtupu, yamepangika kama pembe za pembetatu. Hapo ndipo mafiga yaliposhikilia chungu. Moshi haukupata njia ya kupita kati ya jiwe na udongo. Pima umbali kutoka baka moja hadi lingine, na umejua nafasi ya mafiga ya jiko ambalo huenda limebomolewa miaka 40 iliyopita. Katikati ya kitako nako mara nyingi ni kwekundu-kwekundu, hakuna masizi. Wengi hudhani palisuguliwa. Sivyo: moto mkali wa chini huyachoma masizi yenyewe, yanabaki yale ya pembeni palipo na moto hafifu. Upande mmoja ukiwa mweusi kuliko mwingine, jiulize upepo ulitoka wapi, au kuni zilisukumwa kutoka upande gani wa jiko.

Kuna weusi mwingine usio wa jikoni. Vyungu vyetu huchomwa nje, kwa kuni, nyasi na mboji kavu, bila tanuri, na mahali palipogusana na kuni chungu hutoka na doa jeusi la kudumu. Kutofautisha ni rahisi. Chukua kijiti cha pamba ya masikio, kikavu, ukizungushe mara moja mahali padogo pasipozidi sentimita moja. Masizi yatachafua pamba. Doa la kuchomwa halitatoka. Fanya hivyo mahali pamoja tu, uandike ulipofanyia.

Dapi, chungu cha maji cha Waluo, hakina masizi kabisa. Ushahidi wake uko kwingine: kitako kimelika kwa duara pale kilipokaa kwenye ngata au kilipozama kwenye udongo wa pembeni mwa nyumba, na ndani ya mdomo kuna mikwaruzo myembamba iliyoachwa na kibuyu cha kutekea, agwata, kikiingia na kutoka kila siku kwa miaka. Mikwaruzo ikizidi upande mmoja, chungu hakikuwa kikizungushwa; kilikuwa na mahali pake pa kudumu.

Kinachohukumiwa vibaya kuliko vyote ni thago, chungu cha pombe. Nje kizuri, ndani kimebanduka kama ukuta wa chumvi, vishimo vishimo kuanzia begani hadi chini. Mtu asiyejua anasema hiki kimeoza, tulete kingine. Kumbe kubanduka huko ndiko hati yake: uchachu wa pombe huula udongo taratibu, na chungu kilichopika maji au mboga hakipati alama hiyo. Chungu safi nje, kilicholiwa ndani, kilikuwa cha kuchachisha. Kikija na mrija wake mrefu, oseke, wenye kichujio kilichofumwa nchani, msivitenganishe hata siku moja, wala msikate mrija ili uingie kwenye kabati. Urefu wake ndio unaoeleza jinsi wazee walivyokaa kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja kwenye kigoda chake.

Tafadhali, saruji isiguse chungu chochote. Tumeona ufa ukizibwa kwa saruji na fundi mwenye nia njema. Saruji ni ngumu kuliko udongo wa chungu, kwa hiyo mtikisiko ukija unapasuka udongo wa pembeni. Tena chumvi yake hupenya na kubandua ngozi ya chungu, na haitoki tena bila kuvunja. Vipande vilivyovunjika vitie kila kimoja kwenye mfuko wake, mifuko yote kwenye boksi moja, namba moja. Chungu kilichovunjika vipande kumi na moja bado ni chungu kimoja.

Na kikifika kimeshaoshwa? Usimlaumu mwenye kukileta. Andika wazi daftarini: kilioshwa kwa mchanga na sabuni kabla ya kupokelewa. Bila sentensi hiyo, mtafiti wa mwaka 2060 ataangalia kitako safi na kuandika kwamba chungu hiki hakikutumika kamwe.

Ukishasoma kifaa chenyewe, ndipo umgeukie mtu. Kosa la kawaida ni kumuuliza mwenye boma. Mgeni akifika nyumbani, mzee ndiye anayempokea, ndiye anayeketi naye, na kwa adabu atajibu kila swali, hata la chungu ambacho mkono wake haukukigusa. Msikilize, mwandike, kisha omba ruhusa yake ya kuzungumza na mama. Kazi ya vyungu katika jamii ya Waluo ni ya wanawake, na wengi wao hawaianzi kwao walikozaliwa; huifunzwa na mama mkwe au mke mwenza baada ya kuolewa. Kwa hiyo yale mapambo yaliyotiwa kwa kubingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi yanafuata kule alikoolewa. Ukiandika tu "fundi alizaliwa Asembo" bila kuandika kwamba aliolewa Nyakach na alijifunza huko, umemhamisha fundi na ufundi wake.

Swali la "hiki kilikuwa na maana gani?" halileti kitu. Linamtia mtu kwenye mtihani, naye anatafuta jibu analodhani unalitaka. Baya zaidi ni swali lililobeba jibu lake: "Hiki kilikuwa cha tambiko, sivyo mama?" Mama atasema ndiyo, kwa sababu ni vibaya kumkatalia mgeni aliyetoka mbali. Sema hivi: "Nionyeshe ulivyokuwa ukikishika." Akikipakata, mikono inakumbuka. Ataonyesha kidole gumba kilikaa wapi, utaona pale pale udongo umelainika. Kisha uliza nani hakuruhusiwa kukigusa, kiliwekwa wapi usiku, kikivunjika kilitupwa wapi, na mara ya mwisho kutumika ilikuwa shughuli gani. Andika na swali lako jinsi ulivyoliuliza, si jibu tu, ili atakayekuja ajue kama ulimtia mtu maneno kinywani.

Tarehe huombwa vibaya pia. "Mwaka gani?" huzaa namba za kubuni. Tumia nguzo ambazo watu wa huku wanazikumbuka: kabla au baada ya ile mvua kubwa ya 1961 ziwa lilipopanda, kabla au baada ya Uhuru, 1963, mwaka aliouawa Tom Mboya, 1969, mwaka alioaga Jaramogi Oginga Odinga, 1994, El Niño ya 1997. Mtu akisema "nilikuwa nimebeba mtoto wa pili Mboya alipouawa", umepata tarehe bora kuliko ya cheti. Andika maneno yenyewe, kisha mwaka uliokisia, na useme wewe ndiye uliyekisia.

Kuhusu kurekodi, simu ya kawaida inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati, ilaze juu ya kitambaa mezani kiasi cha sentimita 30 kutoka kwa msemaji, na ujiepushe na paa la bati wakati wa mvua, maana saa nzima ya mazungumzo itakuwa kelele tupu. Anza kwa kutaja tarehe, mahali, majina ya waliopo na namba ya kifaa, kisha omba idhini kwa sauti ili nayo irekodiwe. Dakika 40 zinatosha kwa mzee; baada ya hapo anachoka lakini hasemi. Sauti ihifadhiwe mahali patatu, na pamoja pawe nje ya jengo hilo. Mwenye kuzungumza akisema jambo fulani lisitolewe nje, andika hivyo kwenye ukurasa ule ule, wala usitegemee kumbukumbu yako.

Sasa namba. Utaratibu uliozoeleka una sehemu tatu: 2024.7.3 ni kitu cha tatu katika kundi la saba lililopokelewa mwaka 2024. Namba hiyo inaingia daftarini siku ile ile, kwa kalamu isiyofutika, pamoja na jina la kifaa kwa lugha ya wenyewe, vipimo, kilitoka kijiji gani na kaunti gani, nani alikitengeneza, nani alikitumia, nani amekileta na kwa njia gani. Kijiji na kaunti vyote viandikwe, kwa sababu mipaka ya utawala imebadilika na wilaya nyingi za zamani hazipo tena.

Kuandika namba juu ya kifaa ndiko kunakoharibu vingi. Rangi nyeupe ya kufutia makosa ya kalamu hubanduka na kuondoka na udongo. Selotepu huacha gundi inayovuta vumbi milele. Rangi ya kucha isiyo na rangi, inayopendwa kwa kuwa ipo kila duka, hugeuka manjano na kupukutika baada ya miaka michache, na namba inakwenda nayo. Dawa iliyokubalika ni Paraloid B-72, plastiki angavu ya wahifadhi, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, kiasi cha gramu 20 kwa mililita 100. Paka mstari mwembamba mahali pasipo masizi wala pambo, si kitakoni panaposuguliwa bali ubavuni karibu na kitako. Subiri ukauke kabisa, andika kwa wino mweusi wa kudumu tarakimu zenye kimo cha milimita 3, acha ukauke, kisha paka tena juu kwa mguso mmoja, maana ukirudia-rudia brashi, asetoni itavuruga wino. Fungua madirisha, na moto usiwe karibu. Siku ukitaka kuiondoa, asetoni kwenye pamba huitoa bila kuacha alama. Ngozi, kikapu, manyoya na kibuyu chenye mafuta havipakwi chochote; vifungiwe kadi kwa uzi wa pamba, namba iandikwe kwa penseli, kwa kuwa penseli haichuji ikipata unyevu.

Wanaokusanya wadudu waliyajua haya mapema. Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyiko wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyefungua jumba lake binafsi mwaka 1926 na kuuachia taifa la Kenya mkusanyiko wake alipofariki mwaka 1966. Jumba la sasa lilifunguliwa 1974. Katika kazi ya wadudu, kikaratasi kidogo chenye mahali na tarehe huchomwa kwenye pini ile ile iliyomshika mdudu. Karatasi haiwekwi kwenye droo nyingine. Kipepeo asiye na kikaratasi chake ni pambo tu, hata awe mzuri vipi. Mwanasayansi hawezi kumtumia. Chungu ni hivyo hivyo.

Upande wa Nakuru, pale Hyrax Hill, kuna mfano ambao tungependa kila mtu anayeokota vitu shambani aufahamu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba mwaka 1937 hadi 1938, katika makaburi ya kale alikuta sinia za mawe pamoja na mifupa ya wanawake. Leo tunaweza kusema hivyo kwa sababu kila sinia iliandikwa ilikuwa kando ya mifupa gani. Lau mawe yangekusanywa kwenye karai moja na mifupa kwenye gunia lingine, tungebaki na mawe mazuri tu yasiyosema yalikuwa ya nani. Bakuli za mawe bado huibuliwa na jembe na trekta katika mashamba ya Bonde la Ufa. Ukikuta moja, acha jembe hapo hapo. Usiitoe, usiisugue, usiimwagie maji, maana ndani yake panaweza kuwa na mabaki ya kilichosagwa. Weka rula au kalamu kando yake upige picha kutoka juu na kutoka pande nne, chukua alama ya mahali kwenye ramani ya simu, funika kwa udongo laini, uwaarifu watu wa makumbusho. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakudai utoe taarifa, na kuviuza vitu hivyo ni kosa. Na kwa wanaotembelea kilima hicho: yale mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba msiyapake chaki ili picha itoke vizuri. Mwanga wa asubuhi jua likishachomoza, ukija ubavuni, unayaonyesha yote.

Turudi ziwani. Osadhi, mtego wa kufuma wa umbo la faneli, huonekana kitu kidogo ukilinganisha na nyavu za kisasa. Una mdomo mpana, na ndani yake koni ya vijiti vilivyochongoka vinavyoelekea ndani: samaki anapita akivisukuma, akigeuka anakutana na ncha. Watu wakikiona husema "kikapu cha samaki" na kuendelea mbele. Maswali yanayofungua hadithi yake ni mawili. La kwanza: mdomo ulitazama wapi, mto unakotoka au unakokwenda? La pili: kilitegwa mvua zikianza au zikiisha? Ukiyauliza hayo kwa mzee wa Nyando au Nzoia, muda si mrefu atataja ningu.

Ningu alikuwa samaki wa safari. Mvua zikinyesha na mito kufurika, alitoka ziwani akapanda mto kwenda kutaga mayai pembezoni mwa maji ya mafuriko, kisha akarudi, naye pamoja na watoto wake. Mitego na nyua za matete, kek, zilimngoja njiani. Nyavu za kunasa ziliingia Ghuba ya Winam mwaka 1905. Baadaye zilipotandazwa kwenye midomo ya mito zilimkuta ningu aliyejaa mayai kabla hajapanda, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeanguka. Mbuta, yaani sangara, naye aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na ndiye watoto wa shule wanaomjua. Kwa hiyo osadhi iliyoning'inizwa ukutani ni kumbukumbu ya mwendo wa samaki aliyetoweka kwenye soko, na mwelekeo wa mdomo wake una uzito kuliko vipimo vyake. Ikining'inizwa mdomo juu, kama kikapu cha maua, habari yote imepinduliwa. Ilazwe ubavu kama ilivyokaa majini. Tafuta pia nafasi kati ya vijiti, uipime kwa milimita mahali pasipopungua kumi: hiyo ndiyo itakayokuambia samaki wa ukubwa gani aliachwa apite.

Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, hudanganya kwa namna nyingine, kwa kuwa kila mtu anatazama nyuzi. Nyuzi ni nane, zamani za kano za mnyama, siku hizi za nailoni ya kuvulia samaki. Hizo za nailoni zisitolewe ili "kurudisha asili". Ndizo alizopiga mwenyewe. Tazama fremu, upande wa chini. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, gara, yaani njuga, zikiwa mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia kuna pete ya chuma, oduong'o, inayogonga mti ule kwa mapigo. Mahali hapo mti umechimbika. Nyatiti ya maonyesho iliyotengenezewa watalii haina kishimo hicho, au ina kilichochongwa kwa kisu, chenye kingo kali. Nyatiti iliyopigwa matangani kwa miaka ina bonde laini, linalong'aa. Wakikupa nyatiti, ulizia pete na gara. Mara nyingi zimebaki kwa mtoto mwingine wa marehemu.

Wapigaji wengi hueleza kwamba nyuzi nne ni za siku nne za kwanza za mtoto wa kiume, na nne ni za siku za matanga ya mwanamume. Andika, lakini andika na aliyesema. Wala usiiandikishe kwa jina "kinubi" na kuishia hapo, kwa sababu litungu la Wabukusu lenye nyuzi saba na obokano ya Wagusii yenye nane navyo vitaingia kwenye neno hilo hilo, na baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua kipi kilitoka wapi.

Sotet, kibuyu cha Wakalenjin cha mursik (maziwa ya mgando), kisioshwe ndani wala kisipanguswe. Weusi ule ni mkaa wa mti wa senetwet uliosuguliwa kwa makusudi, na harufu yake ni sehemu ya kifaa. Kije na sosiot yake, kijiti cha kusafishia.

Adui mkubwa wa vitu hivi vya ngozi, mbao na manyoya ni wadudu, na baada yao unyevu. Kila kinachoingia kikae peke yake kwanza, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa juu ya karatasi nyeupe, wiki mbili au tatu. Ukiona unga laini chini ya kitundu cha mbao, au maganda madogo yenye manyoya kwenye ngozi, kuna mlaji hai. Dawa ya kunyunyizia haifai, inatia doa na kubaki kwenye vidole vya watoto. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri inatosha: funga kitu kwenye mifuko miwili, toa hewa, kikae siku 14, kisha ukitoe ukiache bila kukifungua kwa saa 24, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu yake uanze ukungu. Ngoma na nyatiti zisiingie friza, ngozi iliyokazwa inaweza kupasuka. Wanyama waliojazwa na ngozi za kutunzwa tangu zamani wachukuliwe kuwa na sumu, kwani aseniki ilitumika sana katika kazi hiyo: glavu, kunawa mikono, na watoto wasiguse. Rafu ziwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na zisigusane na ukuta wa nje, hasa Kisumu msimu wa masika ambapo ukuta unatoa jasho.

Vitu vyenye meno ya kiboko, ngozi ya chui au ya mbega, kama vilemba vya vita na vya wazee, vinahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hata kama vilirithiwa kihalali. Ulizia kibali kabla kitu hakijasafirishwa.

Halafu kuna karatasi ya umiliki, ambayo watu huona aibu kuidai kwa familia yenye huzuni. Idaini. Fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi aliyepigwa risasi na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, zilirudi Kenya kutoka Uingereza mwaka 2006. Ziliweza kurudi kwa kuwa ilijulikana nani alizichukua na nyumba gani ilizitunza muda wote huo. Mnyororo huo ukikatika, hakuna wa kumdai wala wa kumrudishia. Karatasi ieleze kama ni zawadi au mkopo, na mkopo uwe na tarehe ya mwisho. Atie sahihi mkuu wa familia pamoja na aliyekitumia kifaa ikiwa yu hai, na mashahidi wawili. Tumeona kigoda cha mzee kikirudishwa kwa ugomvi baada ya miaka minane kwa sababu aliyekileta alikuwa mwana wa nyachira, mke wa pili, na kigoda kilikuwa cha nyumba ya mikayi, mke wa kwanza. Swali moja siku ya kwanza lingetosha.

Kibao cha maelezo kisizidi maneno 60. "Chungu. Udongo. Waluo." si maelezo. Jaribu hivi: "Mabaka matatu unayoyaona chini ni alama za mafiga. Chungu hiki kilipikia mboga katika nyumba moja huko Nyakach hadi sufuria ya alumini ilipoingia." Kisha weka kioo chini yake ili mtu aone kitako bila kukigusa. Andika Kidholuo kwanza, Kiswahili, halafu Kiingereza, herufi kubwa za kusomeka na bibi asiye na miwani.

Baada ya mwaka mmoja, rudi kwenye ile familia na picha zilizochapishwa na nakala ya ulichoandika, uwasomee. Watasahihisha. Jina la aliyefinyanga litabadilika, kijiji kitasogea ng'ambo ya mto, mama atakumbuka kwamba kabla ya kupikiwa mboga chungu kile kilikuwa cha dawa ya mtoto. Usifute la kwanza. Andika la pili chini yake kwa wino wa rangi nyingine, na tarehe, na jina la aliyesema.